Mtoro wa Siku ya Diwali

Msomaji, nianze na kosa langu mwenyewe, maana historia nyingi huanza na makosa ya wengine na mwandishi akabaki msafi kama sare ya Jumatatu.

Mwaka 2011 nilikuwa darasa la nne katika shule moja ya msingi ya serikali, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Jina la shule naliacha, kwa kuwa sikuja hapa kumshtaki mtu. Nilikuwa monita. Mliopita huko mnaijua kazi ya monita: kuandika majina ya wapiga kelele, kukusanya madaftari, na kumpelekea mwalimu majina ya watoro. Ni cheo kidogo, lakini ukiwa na miaka kumi unajiona kama mkuu wa wilaya.

Deski letu lilikuwa la watu watatu. Mimi, Mngoni wa Kikatoliki. Kushoto kwangu kijana wa Kizaramo, mtoto wa Kariakoo, ambaye kila jioni alikuwa na juzuu kwapani akielekea chuoni. Kulia kwangu binti wa Kihindi, Mhindu, ambaye baba yake alikuwa na kaduka ka misumari na bawaba. Darasa zima alikuwa Mhindi peke yake. Hesabu alikuwa anatuchapa wote, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani kuliko changu.

Jumatano tarehe 26 Oktoba hakuja. Mimi nikaandika jina lake, nikapeleka. Kesho yake akaja na viganja vimechorwa hina mpaka kwenye vidole, na kopo la bati mkononi. Mwalimu akamwita mbele.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Ilikuwa Diwali, mwalimu."

"Hiyo Diwali iko kwenye kalenda ya shule?"

Binti akanyamaza. Akaambiwa anyooshe mikono, akachapwa fimbo mbili, moja kila kiganja, juu ya ile hina. Halafu kengele ya mapumziko ikalia, naye akafungua lile kopo. Ndani mlikuwa na ladu, yale ya njano ya kuviringwa. Akaanza kugawa deski kwa deski. Alipofika kwangu akanipa mawili, kwa sababu tulikaa pamoja. Hakujua ni nani aliyeandika jina lake. Au alijua. Mimi nikala.

Sasa, kilichokuja kunisumbua ukubwani si fimbo peke yake. Fimbo tulichapwa wote. Ni kwamba muhula uleule nchi nzima ilikuwa inajiandaa kutimiza miaka 50 ya Uhuru, Desemba 9, na sisi kila siku tulikuwa tunafundishwa nyimbo za kuwashukuru wazee waliofuta ubaguzi. Wiki chache baada ya Diwali ikaja Idd ya kuchinja, shule ikafungwa na hakuna aliyeitwa mtoro. Ikaja Krismasi, hali kadhalika. Nikajiuliza: lile deski letu la watu watatu lilitoka wapi? Nani aliamua tukae pamoja? Na kama tulikaa pamoja, mbona sikukuu za wawili zilikuwa sikukuu na ya mmoja ikawa utoro?

Jibu nimelitafuta kwenye vitabu na kwenye baraza za wazee. Hili hapa.

SHULE TATU, BENDERA MOJA

Watu wengi wa rika langu tunadhani watoto wa rangi zote kusoma pamoja ni jambo la kawaida, kama mvua ya masika. Kumbe wapi. Wakati wa Waingereza Tanganyika haikuwa na shule za aina moja. Kulikuwa na elimu ya Wazungu, elimu ya Waasia na elimu ya Waafrika, kila moja na bajeti yake, walimu wake na mitihani yake.

Mtoto wa Kiafrika aliyebahatika kupata shule alisoma darasa la kwanza hadi la nne, na wengi safari yao iliishia hapo. Wachache walichujwa kwenda shule ya kati, darasa la tano hadi la nane, na wachache zaidi ya hao wakaiona sekondari. Shule za Wahindi nyingi ziliendeshwa na jumuiya zao zikisaidiwa na serikali, na zenyewe kwa zenyewe ziligawanyika: Waismailia na yao, Wahindu na yao, Wagoa na yao. Madarasa ya chini wengi walianza kwa Kigujarati. Watoto wa Wazungu walisoma masomo ya Uingereza, na wengi wao kwenye shule za bweni. Mwaka 1959, miaka miwili tu kabla ya Uhuru, kulifunguliwa Iringa shule ya kifahari ya Wazungu, St. Michael's and St. George's. Leo majengo yake ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Hebu fikiria, jina la mtemi aliyepigana na Wajerumani linakaa kwenye shule iliyojengewa watoto wa watawala. Historia nayo ina utani wake.

Jiji lenyewe lilikatwa vipande vitatu vivyo hivyo. Uzunguni kulikuwa na bahari na miti, Uhindini maduka, na Uswahilini ndiko Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo kukaachwa uwanja wazi, Mnazi Mmoja, ambao sisi tunaujua kwa mikutano na mapumziko. Uwanja ule haukuachwa wazi kwa ajili ya upepo mzuri. Ulikuwa mpaka.

Babu wa yule mwenzangu wa Kizaramo alisoma Kariakoo zama hizo. Siku moja tulimkuta barazani, tukampa shikamoo, tukamuuliza. Akasema: "Wajukuu zangu, tulikuwa tukicheza mpira pale Mnazi Mmoja, ng'ambo tunawaona watoto wa Kihindi wanatoka shule. Majina yao hatuyajui, nao yetu hawayajui. Tulijuana dukani tu, mimi na senti yangu, yeye na mizani ya baba yake."

Sikukuu ya shule je? Ilikuwepo. Katika makoloni ya Mwingereza tarehe 24 Mei iliitwa Siku ya Dola. Watoto walipigishwa gwaride, wakaimbishwa, wakakimbizwa mbio, kwa heshima ya mfalme ambaye hawajapata kumwona. Kwa hiyo watoto ambao hawakuruhusiwa kukaa deski moja waliweza kuisalimu bendera moja. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana nitalirudia.

Lakini tusiseme kwamba kuchanganya hakukuwezekana kabisa. Tangu miaka ya 1890 Wajerumani walikuwa na shule ya serikali pale Tanga, isiyofungamana na dini, ikifundisha kwa Kiswahili. Walitaka makarani, na walijua kwamba wazazi wa Kiislamu wa pwani hawatapeleka watoto mahali wanapoogopa kubatizwa. Shule hiyo ndiyo iliyokuwa ikichapa gazeti la Kiongozi. Mkoloni alipotaka kazi yake iende, kumbe alijua kwamba dini ya mtoto inaweza kuachwa salama mlangoni na masomo yakaendelea!

MLANGO NA KIZINGITI

Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961. Januari 1962 sheria mpya ya elimu ikaanza kazi: hakuna tena mfumo wa Wazungu, wa Waasia na wa Waafrika. Ukawa mfumo mmoja. Shule ya serikali, au inayosaidiwa na serikali, haikuruhusiwa kumkataa mtoto kwa rangi yake wala dini yake. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, katika mambo yaliyokwisha kufanyika alitanguliza hilo la kufuta ubaguzi. Aliandika pia hesabu: mwaka 1961 watoto waliokuwa shule za msingi walikuwa 490,000, na wengi wao waliishia darasa la nne. Kufikia 1967 walikuwa 825,000.

Haya, mlango ukafunguliwa. Lakini mlango una kizingiti, na kizingiti kilikuwa lugha. Zile shule zilizokuwa za Wazungu na za Waasia ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza, hivyo mtoto wa Kariakoo asiyejua Kiingereza angeingiaje? Sheria ilimkaribisha, somo likamfukuza. Ndiyo maana mimi naona mwaka 1967 kuwa mkubwa kwa deski letu sawa na 1962. Mwaka huo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule ya msingi, darasa la kwanza hadi la mwisho. Mtoto wa Upanga na mtoto wa Ilala sasa walianza mstari mmoja.

Hatua nyingine zikafuata. Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitia mkononi mwa serikali shule za misheni na za jumuiya zilizokuwa zikipokea ruzuku. Ndivyo sekondari ya wavulana ya Aga Khan ilivyokuja kuwa Tambaza, na St. Joseph's Convent ikawa Forodhani. Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi ikafutwa. Novemba 1974 chama kikaazimia kule Musoma kwamba kila mtoto asome, na kufikia 1977 mpango wa UPE ukawa umeenea nchi nzima. Watani wakasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu, kwa jinsi vijana wa darasa la saba walivyogeuzwa walimu harakaharaka. Tucheke, lakini tukumbuke kwamba mama zetu wengi walijifunza kusoma kwa hao hao walimu.

Kwa hiyo deski langu la watu watatu lilikuwa na wazazi wake: sheria ya 1962, lugha ya 1967, ada iliyofutwa 1973. Halikuota lenyewe.

NGOMA, GWARIDE NA KALENDA

Lakini mtoto hajifunzi nchi yake kwa sheria. Nani amewahi kumwona mtoto wa darasa la pili anasoma Gazeti la Serikali? Anaijua nchi siku ya sherehe. Anaijua akiwa amevaa soksi mpya, amesimama juani, mwalimu wa zamu anasema "nyuma geuka" na nusu ya darasa inageukia mbele.

Serikali mpya ililijua hilo mapema. Desemba 10, 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Nyerere alilihutubia Bunge akalalamika kwamba wengi wetu tuliosoma tunajua rumba, chacha na twist, lakini gombe sugu na kiduo hatuvijui. Akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Ngoma zikaingia uwanja wa shule. Badala ya Siku ya Dola tukapata Saba Saba, kukumbuka TANU iliyozaliwa Julai 7, 1954. Tukapata Februari 5 ya Azimio la Arusha, na Desemba 9 yenyewe. Baadaye ikaja halaiki, mamia ya watoto uwanjani wakijipanga mpaka miili yao inatengeneza maandishi na ramani.

Mimi naipenda halaiki, sisemi uongo. Ndani ya halaiki Mngoni, Mzaramo na Mhindi wote ni nukta moja ya herufi moja. Ukitoka mahali pako, herufi inaharibika. Hakuna somo la uraia linaloweza kumwambia mtoto kwa ufupi kama huo kwamba anahitajika.

Ila nukta haina sikukuu ya nyumbani kwao. Hapo ndipo palipo na tatizo.

Sikukuu za dini taifa lilizigawa kwa mizani: Idd el Fitri, Idd el Hajj na Maulidi upande huu, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Krismasi upande ule. Mizani hiyo imetusaidia sana, na nchi nyingi zinatamani kuwa nayo. Shuleni ikawa vivyo hivyo: kipindi cha dini kikifika, Waislamu darasa hili na ustaadhi wao, Wakristo darasa lile. Yule binti alikuwa anabaki chini ya mwarobaini na daftari la hesabu. Mizani ina sahani mbili, yeye hakuwa na sahani. Hakuna aliyekaa akapanga kumwonea. Diwali si siku ya mapumziko Tanzania, basi. Wenzetu wa Kenya sheria yao ya sikukuu inaitaja Diwali kuwa siku ya Wahindu, wao wapumzike na wengine waendelee na kazi. Sisi tulimwachia mwalimu wa darasa aamue, naye akaamua kwa fimbo.

Na hao wenye Diwali walikuwa wanapungua. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha, na Waasia wengi waliokuwa wamewekeza huko wakafunga mizigo wakaenda Uingereza na Kanada. Madarasa ya katikati ya jiji yaliyokuwa na watoto kumi wa Kihindi yakabaki na watano, halafu wawili. Sisi tulibaki na mmoja.

UKUTA MPYA HAUNA RANGI

Alipofika darasa la tano, Januari 2012, hata huyo mmoja hakurudi. Tulisikia amehamishiwa shule ya kulipia. Deski likabaki na watu wawili, tukafurahi kwamba tumepata nafasi ya viwiko. Watoto!

Sera ya elimu ya 1995 ndiyo iliyofungua njia kwa shule binafsi za msingi kuongezeka, na nyingi zikafundisha kwa Kiingereza. Mtaani tukaziita akademia, na zetu za serikali tukazibatiza Sent Kayumba. Serikali ikafuta tena ada ya shule ya msingi mwaka 2001, na tangu Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Ni jambo jema, mimi mwenyewe nilimaliza kidato cha nne 2018 nikiwa ndani ya neema hiyo. Lakini angalieni kilichotokea. Kizingiti kilichong'olewa 1967, yaani lugha, kimerudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii kimekuja na bei.

Mwaka juzi nilimsindikiza dada yangu, binti wa mama mkubwa, kwenye akademia anakosoma mwanawe. Ilikuwa siku ya tamaduni. Jamani, palipendeza. Kulikuwa na meza ya Wachaga na mtori, meza ya pwani na vitumbua, meza ya Wachina, meza ya Wahindi na taa ndogondogo za udongo zimewashwa. Watoto wa kila rangi wameshikana mikono. Mtoto akanieleza Diwali ni nini, taa zina maana gani, kuliko nilivyoelezwa mimi miaka saba yote ya msingi. Mezani palikuwa na ladu. Nikachukua moja, nikashindwa kulimeza vizuri.

Kwa sababu nilikuwa natafuta kwa macho mtoto wa mchukuzi wa Kariakoo, simwoni. Hakuzuiwa na rangi. Mwafrika mwenye hela yupo pale, Mhindi mwenye hela yupo, Mzungu yupo. Mnazi Mmoja imehama tu, sasa imewekwa kwenye risiti ya ada.

Hiki ndicho nilichokuja kusema, msomaji. Sisi wa Kayumba tulikuwa na deski la watu wote, lakini bila sikukuu za wote. Wao wa akademia wana sikukuu za wote, lakini bila deski la wote. Na wakati wa mkoloni, mnakumbuka, kulikuwa na bendera moja bila deski wala sikukuu ya pamoja. Tumetoka mbali, sikatai. Ila tumelivunja jambo moja vipande viwili, kila upande umeondoka na kipande chake ukidhani ndicho kizima.

KARATASI YA MANILA

Mtaniuliza, wewe kijana wa kidato cha nne utaifanya nini sera ya taifa? Ada siwezi kuibadilisha. Lakini kalenda ya darasa haihitaji Bunge. Inahitaji karatasi moja ya manila na kalamu ya wino mzito. Wiki ya kwanza ya Januari kila mtoto aseme siku kubwa ya nyumbani kwao, iandikwe, ibandikwe ukutani. Siku ikifika, mwenye nayo apewe ruhusa, na akirudi awaeleze wenzake dakika kumi ilikuwaje. Mtoto anayekaa deski moja na mwenzake miaka miwili bila kujua nyumbani kwao wanasherehekea nini, huyo amesoma jiografia ya dunia akaruka jirani.

Nyie mnaotaka kuandika kama mimi, nawaambia: msidhani historia iko ikulu tu. Iko kwenye daftari la mahudhurio. Mtu mzima mwenye mamlaka anaita jina, mtoto anajibu au hajibu, na mwenye kalamu anaandika sababu. Mimi nilikuwa na kalamu siku ile.

Yule binti sijamwona tena. Kaduka ka baba yake sasa kanauza simu. Daftari la mahudhurio la mwaka ule labda limeshaliwa na mchwa, au limefungia karanga. Lakini kama lipo, na kama ningeruhusiwa kufuta neno moja, ningefuta lile nililoandika mbele ya jina lake, niandike hivi:

Oktoba 26, 2011. Ruhusa. Sababu: Diwali.